Jinsi ya Kuwa Mtaalamu wa Tiba ya Mazungumzo kwa Wanawake Wanaopitia Mabadiliko Makubwa ya Maisha: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoitamani kazi hii ni watu ambao wenzao huwaendea wakiwa na shida. Hicho ni kipaji, na bila hicho kazi haiendi. Lakini kumsikiliza rafiki kwa upendo ni jambo moja, na kumhudumia mwanamke usiyemjua, anayekulipa na kukukabidhi siri zake, ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili kuna miaka ya masomo, saa nyingi za mazoezi chini ya uangalizi, na maadili ambayo ukiyavunja utawajibishwa.

Niseme msimamo wangu mapema: usianze na wanawake, anza na tiba nzima. Mwanamke anaposema "sijisikii vizuri tangu nijifungue", huenda amechoka tu kama mama yeyote mwenye kichanga. Huenda pia ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, au tezi yake ya thairoidi imevurugika, au anapigwa nyumbani. Sentensi yake ni ileile katika hali zote nne. Mabadiliko ya maisha si ugonjwa, lakini ugonjwa na hatari hujificha ndani yake, na kazi yako kubwa itakuwa kutofautisha.

Hatua ya 1: Elewa mabadiliko ya maisha ni nini

Uwanja huu ni mpana: kuwa mama, kutafuta mtoto bila kumpata, mimba kuharibika, talaka, ujane, watoto kuondoka nyumbani, kukoma hedhi, kuhama nchi, kustaafu, kumuuguza mzazi, kurudi kazini baada ya maradhi mazito. Huhitaji kuyamudu yote. Unahitaji ramani.

Ramani ninayoipenda ni ya Nancy Schlossberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichapisha mwaka 1981. Aliyagawa mabadiliko katika makundi matatu: yale yanayotarajiwa, yale yanayokuja ghafla, na yale yaliyotarajiwa lakini hayakutokea. Kundi hili la tatu litafakari sana. Mimba isiyoingia, ndoa isiyokuja, masomo yaliyokatizwa na hayakuendelea tena: hakuna tukio, kwa hiyo hakuna anayekuja kutoa pole. Wanawake wengi huliishi kundi hili kwa miaka bila kuwa na jina la kinachowauma.

Karibu nalo yapo majonzi yasiyotambuliwa na jamii, ambayo mtaalamu wa majonzi Kenneth Doka aliyaandikia kitabu mwaka 1989. Mimba zipatazo asilimia 10 hadi 20 kati ya zinazojulikana huharibika, na bado mwanamke huambiwa "utapata mwingine" kabla hata damu haijakatika. Mtu anayemlilia mume waliyeachana zamani yumo humuhumu. Mteja wa namna hii mara nyingi huanza kwa kuomba radhi kwamba analia.

Schlossberg pia alitaja mambo manne ya kuyatazama kwa kila mteja: hali yenyewe ilivyo, yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani, nani yuko upande wake, na mbinu anazotumia kukabiliana nayo. Jifunze kuyachunguza bila kumsomea orodha. Na kwa wanaokuwa mama mara ya kwanza, tambua kwamba mwanaanthropolojia Dana Raphael alishauri tangu mwaka 1973 tukitazame kipindi hicho kama tunavyoutazama ujana: mwili, hisia, mahusiano na nafasi ya mtu katika jamii vyote vinageuka kwa pamoja. Mama anayesema "sijijui tena" si lazima awe mgonjwa.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Milango ya kawaida ni minne: ushauri nasaha, saikolojia, ustawi wa jamii na udaktari wa magonjwa ya akili. Yote inaweza kukufikisha. Ushauri nasaha kwa kawaida ndiyo njia fupi kuliko nyingine, saikolojia hukupa uwezo mkubwa zaidi wa kupima na kutambua maradhi, ustawi wa jamii hukufundisha kuona umaskini, sheria na familia kama sehemu ya tatizo, na daktari peke yake ndiye huandika dawa katika nchi nyingi.

Kabla hujalipa ada popote, fanya jambo moja: tafuta chombo kinachosajili wataalamu katika nchi unayotaka kufanyia kazi, kisha uulize kama kozi unayoitaka inatambuliwa. Nchi hazilingani hata kidogo. Marekani, majimbo hudai leseni, na kwa kawaida humaanisha shahada ya uzamili pamoja na saa kati ya 2,000 na 4,000 za kazi chini ya msimamizi. Uingereza, jina la mshauri nasaha halilindwi na sheria, ingawa baadhi ya majina ya wanasaikolojia yanalindwa, kwa hiyo watu hutegemea uanachama wa vyama vya kitaaluma. Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Ukisoma nchi moja na kuhamia nyingine, huenda ukarudia sehemu ya safari.

Cheti cha wiki chache cha "ukocha wa maisha" hakikupi ruhusa ya kutibu sonona wala kiwewe. Kocha mwaminifu anajua mpaka wake. Ukitaka kuitwa mtaalamu wa tiba, pita njia ya tiba.

Na swali linaloulizwa kila mara: je, mwanaume anaweza? Anaweza, na wapo wanaofanya vizuri. Aulize tu, kwa uwazi, kama mteja angependelea mwanamke, na jibu lolote lisimchome.

Hatua ya 3: Kagua kozi kabla haijakukagua wewe

Uliza maswali haya, na usione haya. Je, kuna mafunzo kwa vitendo yenye wateja halisi, na saa ngapi? Je, mkufunzi atatazama au kusikiliza vikao vyangu, au atategemea tu ninavyomsimulia? Je, mwanafunzi anatakiwa kupata tiba yake mwenyewe? Kuna somo la maadili na sheria, la ukuaji wa binadamu, la utambuzi wa maradhi ya akili, la vikundi, la utafiti?

Swali la pili ndilo zito kuliko yote. Sisi sote tunapowasimulia wakubwa kilichotokea kikaoni, tunasimulia tulichokusudia kufanya. Kinasa sauti, kwa ridhaa ya mteja, huonyesha tulichofanya: tulimkatiza wapi, tulibadilisha mada sekunde gani alipoanza kulia.

Tiba yako mwenyewe usiihesabu kama gharama ya ziada. Ukiwa umetalikiwa na hujalia, utamsukuma mteja wako asamehe haraka, au aondoke haraka, kutegemea na kidonda chako kilivyo. Wanawake wengi huingia fani hii kwa sababu walivuka jambo zito. Ni sababu nzuri. Hakikisha tu kwamba umeshavuka.

Hatua ya 4: Shika njia moja ya tiba uijue barabara

Wanaoanza hupenda kukusanya semina: leo mbinu hii, kesho ile. Matokeo yake ni mtu anayejua utangulizi wa njia kumi. Chukua moja, iive, kisha uongeze.

Kwa kazi hii, ningeanza na tiba ya mahusiano baina ya watu, iliyoasisiwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman huko Marekani katika miaka ya 1970. Iliundwa kwa ajili ya sonona, na inatazama maeneo manne: msiba, migogoro na watu wa karibu, mabadiliko ya nafasi katika maisha, na upweke wa kukosa mahusiano. Eneo la tatu ndilo hili tunalolizungumzia. Vikao huwa 12 hadi 16. Katika mabadiliko ya nafasi, unamsaidia mteja aomboleze nafasi ya zamani, ataje mazuri na mabaya yake bila kuipamba, auone ukweli wa nafasi mpya pamoja na yaliyomo ndani yake ya kufaidi, kisha ajifunze stadi na kutafuta watu wa kumshika mkono. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa toleo lake la vikundi mwaka 2016, na unapatikana bure. Mwaka mmoja kabla lilikuwa limetoa mwongozo mwingine kwa sonona ya wajawazito na waliojifungua, uliotengenezwa ili utumiwe hata na wahudumu wa jamii. Isome yote miwili hata kama uko mwaka wa kwanza.

Tiba ya utambuzi na tabia, inayotokana na kazi ya daktari wa akili Aaron Beck ya miaka ya 1960, ni msingi mwingine imara, hasa kwa wasiwasi na kukosa usingizi. Kwa wafiwa na wajane, jifunze mtazamo wa watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili uchungu na kushughulika na maisha yaliyobaki, na kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Mjane aliyecheka harusini jana na leo hawezi kuamka hajarudi nyuma.

Chini ya njia zote yako mambo ambayo mwanasaikolojia Carl Rogers aliyaandika mwaka 1957: kumwelewa mteja kutoka alipo, kumkubali bila masharti, na kuwa mkweli mbele yake. Mwaka 1979 mwanasaikolojia mwenzake Edward Bordin akaongeza kwamba ushirikiano mwema unahitaji mkubaliane lengo, mkubaliane kazi za kulifikia, na kuwe na uaminifu kati yenu. Tiba ikikwama, kagua hayo matatu kwanza.

Hatua ya 5: Jifunze mwili

Hapa ndipo wataalamu wengi wa mazungumzo ni wadhaifu, na wanawake ndio wanaolipia.

Baada ya kujifungua, machozi na hisia kupandapanda katika wiki mbili za mwanzo ni jambo la kawaida na hupita. Yakizidi muda huo, au yakiambatana na kukata tamaa, fikiria sonona. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao asilimia 13 waliojifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea kiwango hukaribia asilimia 20. Jifunze kutumia kipimo cha sonona cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama za juu kabisa 30. Swali la mwisho ni la kujidhuru. Lisome hilo kabla ya kujumlisha chochote, kwa sababu jumla ndogo inaweza kuficha jibu la kutisha.

Saikosisi ya baada ya kujifungua, yaani akili kupoteza mguso na uhalisia, ni nadra, hutokea kwa mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, na kwa kawaida huanza ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali na wala hahisi uchovu, anachanganyikiwa, anaongea mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo.

Jifunze pia kuitofautisha na jambo jingine linalofanana nayo kwa juu. Akina mama wengi wapya hujiwa na mawazo ya ghafla ya mtoto kudhurika, hata mikononi mwao wenyewe: kumwangusha ngazini, kumkata kisu. Mama huyu anatetemeka akikueleza, ameficha visu, hataki kubaki peke yake na mtoto. Mawazo hayo yanamchukiza, na ndiyo maana yanamtesa. Kwenye saikosisi, wazo humwonekea mama kuwa sahihi au kama amri. Mshauri asiyejua tofauti hii akishtuka na kutishia kuita mamlaka, mama anayechukizwa na mawazo hayo hatazungumza tena na mtu yeyote. Uliza kwa utulivu, sikiliza anavyoyapokea mawazo hayo, na ukiwa na shaka yoyote mpigie msimamizi wako kabla mteja hajaondoka.

Ukomo wa hedhi kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa baada ya miezi 12 bila hedhi. Miaka ya kuelekea huko huleta joto la ghafla, usingizi wa kukatika, kusahau na hisia zisizotabirika, na uwezekano wa sonona huongezeka. Kabla hujaanza kuchambua utoto wake, muulize alilalaje jana na hedhi yake ikoje. Upungufu wa damu na thairoidi nao hujifanya sonona. Kuwa na daktari na mkunga unaoweza kuwapelekea rufaa ni sehemu ya vifaa vyako vya kazi.

Hatua ya 6: Usalama kwanza, kila mara

Maswali mawili lazima uweze kuyauliza bila sauti kutikisika.

La kwanza ni la kujiua. "Watu waliobeba mzigo kama huu wakati mwingine hufikia kutamani kufa. Wewe umewahi kufika hapo?" Akikubali, endelea: lini, umefikiria njia gani, njia hiyo unayo karibu, nini kimekuzuia? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna anayeweza kulisikia. Kisha mnaandika mpango wa usalama pamoja: dalili za kuzidiwa, watu wa kuwapigia, mahali pa kwenda, na jinsi ya kuondoa vifaa vya hatari nyumbani.

La pili ni la ukatili. Takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wake, au ukatili wa kingono na mtu mwingine. Uliza akiwa peke yake, kamwe si mbele ya mume, mtoto mkubwa au mkwe. "Kuna mtu nyumbani anayekutisha au kukuumiza?" Akisema amewahi kukabwa koo, chukulia kuwa hatari ya kuuawa ni kubwa. Na usimwambie "ondoka" kana kwamba ni ushauri mwepesi: kipindi cha kuachana na mara tu baada yake ndicho chenye hatari zaidi. Kazi yako ni kumsikiliza, kuuliza mahitaji yake, kumwamini, kumsaidia apange usalama, na kumuunganisha na huduma. Usimtumie ujumbe unaoweza kusomwa na mwingine, na usiwakalishe wawili hao tiba ya wanandoa wakati ukatili unaendelea.

Hatua ya 7: Saa za uangalizi

Tafuta msimamizi anayeijua kazi ya wanawake, na usitafute anayekusifu tu. Mpelekee mteja unayempenda kupita kiasi, anayekuchosha, na yule unayetamani kumpa namba yako binafsi. Andika muhtasari wa kila kikao siku hiyohiyo, mfupi, wenye ukweli, bila umbea, ukijua kwamba siku moja unaweza kusomwa na mteja mwenyewe au mahakama.

Katika kipindi hiki usichague mapema mno. Hudumia wanaume, vijana, walevi, wagonjwa. Ukishaona sonona kwa watu wengi tofauti ndipo utaitambua haraka kwa mama mwenye tabasamu.

Hatua ya 8: Kikao cha kwanza

Anza na usiri na mipaka yake kabla ya hadithi: nini kitabaki hapa, na lini utalazimika kuvunja usiri. Muulize anapenda kuitwaje. Mwanamke aliyetoka kwenye ndoa huenda hataki tena jina lililo kwenye fomu.

Tuseme yuko mbele yako mwanamke wa miaka 51, mtoto wake wa mwisho ameondoka nyumbani. Anasema, "Siku hizi nimekuwa mvivu tu." Mshauri mchanga hukimbilia kumtetea: "Wewe mvivu? Umelea watoto wanne!" Ni wema, na unafunga mlango. Jaribu: "Uvivu huo ulikuwaje, tuseme jana asubuhi?" Anaeleza kwamba aliamka saa tisa usiku amelowa jasho, akaenda kukaa kwenye kitanda cha mtoto hadi kukapambazuka, mchana hakula kwa kuwa hakuona maana ya kupika, na mume wake hajui lolote. Katika jibu hilo umepata mwili unaobadilika, majonzi, uwezekano wa sonona, na ndoa iliyonyamaza. Sasa unajua pa kuelekea: rufaa kwa daktari, kipimo cha sonona, na mazungumzo kuhusu chumba kile.

Usimharakishe kuelekea "mwanzo mpya". Kipindi cha katikati, ambapo la zamani limekwisha na jipya halijaja, ndicho kinachowatisha watu wa karibu yake, na kila mmoja anamsukuma atoke humo: aolewe, azae tena, apate kazi, asamehe. Wewe uwe mtu asiyemsukuma. Lakini kila vikao vinne au vitano tazameni pamoja kama kuna kinachosogea, na kama hakuna, badilisha mbinu au mpeleke kwa mwingine.

Hatua ya 9: Fungua huduma yako

Usajili, bima ya kitaaluma, na chumba ambacho sauti haitoki. Fomu ya ridhaa iwe na ada, muda wa kikao, utaratibu wa kuahirisha na mipaka ya usiri, kwa maneno ambayo mtu aliyelia usiku kucha anaweza kuyaelewa. Weka nafasi chache za ada nafuu ukijua idadi yake, kwa maana huruma isiyo na kikomo hufunga huduma ndani ya mwaka.

Kwa vikao vya mtandaoni, kila mara uliza mwanzoni: uko wapi sasa hivi, uko peke yako, tukikatika nikupigie namba gani? Kubalianeni neno la kawaida atakalolitaja mtu akiingia chumbani, ili mbadilishe mada.

Jitangaze kwa uwazi, ukisema unamhudumia nani. "Nawasaidia wanawake baada ya talaka na ujane" huwafikia walengwa kuliko orodha ya matatizo ishirini. Wafuate wakunga, madaktari wa wanawake, mawakili wa familia na viongozi wa dini, uwaeleze unachofanya na usichofanya. Usitumie kisa cha mteja kujitangazia, hata ukibadilisha jina, atajitambua.

Mwisho, kabla ya mteja wako wa kwanza, andika wosia wa kitaaluma: mwenzako mmoja aliyekubali kwamba ukiugua ghafla au ukifariki, yeye ndiye atakayefungua orodha yako, kuwapigia wateja mmoja mmoja, kuwatafutia mtaalamu mwingine na kulinda mafaili yao. Mpe maelekezo ya mahali yalipo na namna ya kuyafungua, wajulishe wateja katika fomu ya ridhaa kwamba mtu huyo yupo, na uupitie wosia huo kila mwaka.